Sifa za Kitenzi "Get"

Wengine husifu simba, bendera na wabunge. Mimi nasimama Mlandege, hapa Iringa, kukisifu kitenzi cha Kiingereza kiitwacho "get". Ni herufi tatu, hakina mbwembwe. Hakili, hakidai kodi.

Fadhila yake kuu ni kutochagua kazi. Kina moyo wa kibarua wa soko letu. Kipe "up", kinakuamsha. "Off", kinakushusha kwenye daladala. "Over", kinakuponya mafua. "Away", kinamtorosha mwizi. "By", kinakuvusha mwezi mshahara ukiwa umekwisha. Kulowa kinabeba, kuoa kinabeba, kulewa, kuzeeka, hata kuelewa utani. Ukikikuta peke yake hakina mzigo wowote, na hapo ndipo mtoto wa kaka yangu, kidato cha kwanza, aliponikwamisha: "Baba mdogo, sasa chenyewe maana yake nini?" Nikamwambia mkarimu hajiwekei akiba.

Kina pia faida ya usafi. Juzi kijana huyo alifagia uwanja wa shule mzima, kwa kosa la kuomba maji kwa Kiswahili.

Sasa huu si utani tena. Mtoto kasoma mapafu miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, akayajua, akafaulu. Kiingereza kilikuwa somo la vipindi vichache, na nyumbani bibi anamsemesha Kihehe. Ilipofika Januari, kidato cha kwanza, mapafu yakahamia Kiingereza. Akishindwa kuandika sentensi, anahesabiwa hajui mapafu!

Na si kwamba hatukuambiwa. Jackson Makweta, mtu wa Njombe ilipokuwa bado ndani ya mkoa huu, aliongoza tume ya rais iliyoshauri mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili Januari 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, wakakuta Kiingereza cha wanafunzi wetu hakitoshi kusomea masomo mengine. Dawa iliyoletwa ikawa mradi wa kuongeza Kiingereza, kwa fedha za Uingereza.

Siku hizi kila tarehe 7 Julai wakubwa hupanda jukwaani kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na hukisifu vizuri kuliko ninavyokisifu "get". Sijasikia bado mtoto wa mmoja wao aliyeletewa kitenzi hiki na mapafu kwa pamoja, ghafla, akiwa na miaka kumi na minne.