Chumba Kimoja, Wapangaji Watatu

Hongera, bosi. Umekodi seva yenye memori ya GB 1, ukawapangisha humo MySQL, WordPress na Apache anayemwaga michakato kama kumbikumbi wa masika. Kisha ukaitengea bafa ya InnoDB, ya huyo MySQL, MB 800, maana ulisikia kubwa ndiyo nzuri. Usiku Linux ikaishiwa pumzi, ikatafuta mlafi kuliko wote, ikamchinja: MySQL, nani mwingine? Asubuhi ukamwasha upya, ukamlaani mdukuzi. Logi ya kerneli imeandika jina la marehemu, saa ya kifo, hata uzito wake. Ila kusoma nako ni kazi! Fundi alikwambia upunguze bafa, uongeze swopu kidogo, ukamwona mshamba. Haya, tuonane saa nane usiku.