Mlinzi wa Kiyoyozi

Mtaani kwetu Makorora mimi ni daktari. Kazini mimi ni mlinzi wa kiyoyozi. Vyeo vyote viwili sikuviomba, na hakuna kinacholipiwa posho.

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo cha afya hapa Tanga. Ukishataja "afya", majirani hawasikii tena "maktaba". Jumamosi nimekaa barazani nachambua mchicha, mzee wa nyumba ya pili anakuja na vidonge kiganjani. "Mwanangu, hiki cheupe na hiki cha njano, kipi ndiyo cha kabla ya kula?" Namwambia baba, mimi natunza vitabu tu. "Sasa si ndiyo vimeandikwa humo humo?" Hapo unamjibu nini mtu mzima? Shemeji naye kanipigia usiku wa manane, mtoto katokwa na vipele, nimwangalizie "kwenye hivyo vitabu vyako". Nikamwambia kukicha ampeleke hospitali ya Bombo. Sasa anatangaza kwamba tangu nipate kazi ya ofisini naringa.

Huko ofisini kwenyewe wahadhiri huja kupoa. Mtu anaingia shati limelowa, anasimama chini ya kiyoyozi, anajifanya anakagua rafu, kisha anapumua: "Dada, wewe ndiye umepata kazi. Unasoma tu siku nzima." Jamani! Kazini nasoma migongo ya vitabu. Na kiyoyozi chenyewe kiliwekwa kwa ajili ya vitabu. Masika ikikolea huku pwani, karatasi inavuta unyevu, majalada yanaota ukungu wa kijivu, kurasa za picha za rangi zinagandana, ukizibandua zinachanika. Umeme ukikatika kutwa, nashinda na kitambaa kikavu nafuta kimoja kimoja. Kitabu cha anatomia nacho nikikifungua nakuta ukurasa wa fupanyonga haupo, umekatwa kwa wembe, tena kwa mkono uliotulia. Huyo atakuwa mpasuaji hodari siku moja, nami sitakubali anipasue.

Basi wiki iliyopita mkuu wa chuo akaniletea wanafunzi wa kidato cha tatu waje kujionea kazi za watu. Walishapitishwa maabara, wakapiga picha na mifupa ya mtu. Mimi nikawekwa mwisho, kabla ya soda. "Waeleze kwa ufupi tu," mkuu akaninong'oneza, "maana kwako hakuna mengi."

Hakuna mengi! Nikaanza na rafu. Tunapanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ile ya Bethesda, Maryland. Kila fani ina herufi zake: QS anatomia, QV dawa, WG moyo na mishipa, WQ uzazi, WS watoto. Ikafika zamu ya magonjwa ya kuambukiza, na wazee walioutunga mfumo huo, kwa akili zao timamu, wakayapa WC. Malaria iko WC 750, kipindupindu WC 262. Nami nimebandika herufi hizo kubwa juu ya rafu kama utaratibu unavyotaka, na kila mwaka wa masomo ukianza hakosekani mgeni anayezifuata kwa mwendo wa haraka, mkono tumboni. Watoto wakacheka mpaka mwalimu wao akakohoa. Naamini ndicho kitu pekee walichokisikia.

Nikaendelea: kazi yenyewe ni kutafuta. PubMed, hazina ya kompyuta ya makala za tiba ambayo Wamarekani wameiacha wazi bure kwa kila mtu tangu 1997, imeorodhesha makala zaidi ya milioni 35. Anakuja daktari, amesimama mguu mmoja ndani mmoja nje: "Nitafutie kila kitu kuhusu presha." Kila kitu? Tutazikwa wote hatujafika nusu. Namuuliza presha ya nani, ya wazee au ya wajawazito, unataka habari za dawa au za chumvi. Ananuna, anaona namfanyia usaili. Mwisho inajulikana alikuwa anataka dawa moja tu, kwa mama mjamzito mmoja, aliyelala wodini sasa hivi. Hapo tena natakiwa nijue jina ambalo ugonjwa huo umesajiliwa nalo kwenye MeSH, orodha ya istilahi inayotolewa tangu 1960, kwa sababu ukiandika presha hivi hivi utaletewa mpaka presha ya hewa kwenye mashine za kupumulia.

Na wengi hawajui kuongea na kompyuta. Mama ntilie ukimwambia wali na samaki, sahani inajaa. Kompyuta ukiiambia malaria na wajawazito, sahani inapungua, kwa kuwa inakupa zile tu zenye vyote viwili. Anayetaka sahani ijae aseme "au". Nimeshaeleza hili kwa watu wenye shahada tatu.

Halafu kuna Hinari. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango huo 2002 pamoja na wachapishaji, ili vyuo vya nchi kama yetu visome majarida ya bei mbaya bure au kwa bei nafuu. Sharti moja: neno la siri lisisambazwe. La kwetu nililikuta kwenye kibanda cha fotokopi, limebandikwa ukutani, tena limepigwa laminesheni.

Wale watoto walikuwa wameanza kupiga miayo, nikawatolea kisa. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, binti wa miaka 24 mwenye afya yake alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Akavutishwa dawa iitwayo hexamethonium, mapafu yakaharibika, akafa. Mtafiti alikuwa ametafuta kwenye kompyuta, lakini PubMed wakati huo ilianzia 1966. Makala zilizoonya kwamba dawa hiyo hudhuru mapafu zilikuwa za miaka ya 1950, zimelala kwenye karatasi.

Na sisi karatasi za miaka ya 1950 tunazo. Pale Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walianza taasisi yao ya mimea na kilimo 1902, Waingereza wakairithi, baadaye ikawa kituo cha malaria cha Afrika Mashariki nzima, na leo iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Watu wa kituo hicho walishiriki mradi wa malaria wa Pare-Taveta, nyumba kwa nyumba wakipuliza dawa ya mbu iitwayo dieldrin, mpakani kwetu na Kenya. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaandika tasnifu juu ya malaria huko huko tambarare ya Pare. Nikainama kabati la chini, nikapiga chafya, nikamtolea ripoti ya mradi ule, nikaifuta, nikamwekea mezani.

"Madam, haina PDF?"

"Ina kurasa, mwanangu."

Akaitazama, akashukuru, akaenda zake. Tasnifu ilipokuja kugongwa muhuri nikaifungua. Sura ya kwanza, aya ya pili: hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa katika eneo hili.

Basi nikawauliza wageni kama kuna swali. Mmoja akauliza kazi hii inasomewa wapi, nikamwambia chuo cha ukutubi kipo Bagamoyo, kinaitwa SLADS, kinatoa cheti na stashahada. Akaandika "Bagamoyo" akaacha hapo. Aliyeuliza mshahara nikamwelekeza kwa mkuu. Nyuma kabisa ukanyanyuka mkono wa kijana mmoja mrefu.

"Madam, samahani, soketi inayofanya kazi ni ipi? Simu imezima."

"Ile pale, chini ya WC."

Akanishukuru kwa adabu zote, akatoka mlangoni na chaja yake mkononi, akakata kulia kuelekea vyooni.