Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Dirisha la Udahili

YAH: KUOMBA KUJUA UNAKOISHI

Mheshimiwa Dirisha,

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, redio inatangaza kwamba umefunguliwa. Hatujamaliza kukopa hela ya maombi, inatangaza umefungwa. Hapa Chanika, Handeni, tumekutafuta toka stendi mpaka sokoni. Madirisha tuliyoyakuta yana nyavu za mbu na wenyewe wako ndani.

Mwisho tukaelekezwa steshenari. Kumbe unakaa kwenye kompyuta ya kijana mmoja, kati ya mashine ya kopi na friji la soda. Ukutani kuna manila: kopi, picha za pasipoti, kuomba chuo, kuomba mkopo, kava za simu.

Wageni hutujua Handeni kwa waganga, kwa hiyo utaratibu haukututisha. Kijana aliuliza jina la mpwa wangu, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama. Akapokea hela kwanza. Akakodolea kioo kinachowaka, akaguna, akasema mfumo umegoma, turudi usiku ukiwa mwepesi. Ila mganga angalau huuliza unaumwa wapi. Huyu aliuliza, "Kozi yoyote?" Mpwa wangu akajibu, "Yenye mkopo." Ushauri ukaishia hapo.

Usimcheke binti. Amesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, anaweza kukusimulia Bismarck aliwaita akina nani Berlin mwaka 1884. Lakini miaka miwili yote hakuna aliyemkalisha chini akamwambia A ina pointi 5 na E ina 1, na kwamba kozi nyingi zinataka angalau pointi 4 kwenye masomo mawili. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) upo, tena umenyooka, kwa Kiingereza. Mama yake anasema Kizigua na anasoma Kiswahili. Aliushika ulivyochapwa, akaupuliza vumbi, akaurudisha mezani kwa heshima zote.

Zamani kidogo, tangu 2010, mlango ulikuwa mmoja: mfumo wa TCU, unaomba mara moja vyuo vingi. Mwaka 2017 tukaambiwa kila mtu akabishe hodi chuo kimoja kimoja, na kila hodi na ada yake. Kijana wa steshenari ndiye nadhani aliyefurahi kuliko sote.

Nakuja kwa jirani yako, Bodi ya Mikopo. Huko kunatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, saini ya serikali ya mtaa, muhuri wa hakimu au wakili, mdhamini na picha yake, na shilingi 30,000 za kuombea. Ufukara wetu mtaa mzima unaujua bure. Kuuthibitisha ndiko kulikotumalizia mbuzi.

Sasa nifike kwenye kilichoniandikisha barua hii. Binti alichaguliwa vyuo viwili! Tukapiga vigelegele, jirani akaleta kuku. Halafu tukaambiwa aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Simu ya nani? Ya kijana. Fomu za wateja wake wote alijaza namba yake, maana, alivyotueleza, "nyie simu zenu hazikai na chaji." Na kijana alikuwa msibani Kabuku, simu yake haina chaji.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba mambo mawili. Kama huwezi kuja Chanika, mpe huyu kijana barua ya ajira, kwani ndiye ofisa wako wa udahili, mshauri wa taaluma na mtunza nywila za watoto wetu. Hata kiti alichokalia ni chake mwenyewe. La pili, usifunge kabla ya arobaini ya marehemu wa Kabuku.

Ni mimi,
Mjomba wa mwombaji,
Chanika, Handeni.

Nakala: Kijana wa steshenari (akirudi).