Kontena la Kizwite na Dalali Wake

Neno kontena, katika kata ya Kizwite iliyomo Manispaa ya Sumbawanga, humaanisha kwanza sanduku la chuma lililokatwa dirisha na kugeuzwa duka la vocha na sukari, hata fundi wa kompyuta anayesema kwamba anatafuta mahali pa kuweka kontena huulizwa papo hapo kama amekwisha kupata kiwanja. Kontena la fundi, aina iliyoenezwa na Docker tangu 2013, ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na maktaba na mipangilio yake yote, ili iende vilevile kwenye seva yoyote inayoendana nacho. Wazo hilo si geni Rukwa, kwa kuwa meli ya Liemba, iliyotia nanga Kasanga kwa miongo mingi, ilitoka Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikifuatana na mafundi watatu wa kuiunganisha.

Kontena halifuatani na fundi; likihitaji huduma, kama hifadhidata, lina dalali. Dalali wa huduma, ambaye kanuni zake za wazi zilitangazwa mwishoni mwa 2016, ni programu inayotandaza orodha ya huduma, ikapokea ombi, ikaandaa kilichoombwa, kisha ikamkabidhi mteja anwani na nywila. Ila amerithi tabia za wenzake wa mahindi: akiombwa hifadhidata huweza kujibu kwa namba 202, maana yake ombi limepokelewa, jibu lisilopishana na "niko njiani" ya mtu ambaye bado yumo kitandani.

Mwandishi wa insha hii, aliyekuwa akimwandalia mwenye ghala mmoja daftari la kielektroniki la kuhesabu magunia, hakuijua tabia hiyo ya dalali. Kontena lilipopakuliwa mtandaoni, tabaka kwa tabaka, matabaka madogo yalishuka vizuri. Lile kubwa, likikaribia kutimia, liliishiwa bando, ambalo nalo ni kifurushi, likaanza upya toka sifuri. Bando jipya lilipopatikana, dalali aliombwa hifadhidata, akajibu 202; akaombwa tena, 202; akaombwa mara ya tatu kwa kidole chenye hasira. Kwa kuwa kila ombi lilikuwa na kitambulisho chake, dalali, kwa uaminifu ambao wenzake wa sokoni hawasifiki nao, aliandaa hifadhidata tatu. Magunia 60 ya asubuhi yaliingia katika ya kwanza, mwandishi akaiwasha programu upya na kuiunganisha na ya tatu, na mwenye ghala, alipotazama simu mchana, akakuta sifuri, akatoka kwenda kuyahesabu kwa kidole, akarudi na swali moja: "Mwanangu, huyo dalali wako ana namba ya simu?"