Namna ya Kuipandisha Bei Bunduki Kuukuu

Kama unaishi Edgbaston, mtaa wa Birmingham, Uingereza, umekaa pazuri kujifunza kazi hii. Birmingham imelisha dunia kwa bunduki kwa zaidi ya miaka mia mbili. Tangu 1813 mji una nyumba ya kujaribia mitutu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge: kila mtutu hufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ukistahimili hugongwa muhuri ndipo uuzwe. Bournbrook, mtaa unaopakana na Chuo Kikuu cha Birmingham kilichoko Edgbaston, ndiko kilikokuwa kiwanda cha bunduki cha Westley Richards. Neville Chamberlain, waziri mkuu wa baadaye, alizaliwa Edgbaston mwaka 1869, na kabla ya siasa za London alikuwa mkurugenzi wa BSA, kampuni iliyoundwa 1861 kutengeneza silaha.

Basi una bunduki kuukuu na unataka iuzwe bei ya nyumba. Jambo la kwanza, acha kuitazama bunduki, tafuta jina. Mnada haununui chuma. Agosti 2021, kampuni ya Bonhams iliuza Los Angeles bastola ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu Billy the Kid mwaka 1881. Makadirio yalikuwa dola milioni 2 hadi 3, ikauzwa kwa zaidi ya milioni 6. Colt nyingi za aina hiyo zimo mikononi mwa watu, zinafyatuka sawasawa, na hazikaribii hata robo ya bei hiyo, kwa sababu hazikumuua mtu anayejulikana.

Wala si lazima ifyatuke. Juni 2019 mjini Paris iliuzwa bastola iliyoliwa na kutu hadi mifupa, iliyofukuliwa shambani Auvers-sur-Oise, kijiji alichofia mchoraji Vincent van Gogh mwaka 1890. Inaaminiwa kuwa ndiyo aliyojipigia. Kuaminiwa tu kulitosha: euro 162,500.

Lakini mfano unaonichoma ni wa mshairi Arthur Rimbaud, kwa kuwa unafika hadi kwetu. Julai 1873, mjini Brussels, mshairi mwenzake Paul Verlaine alilewa, akampiga Rimbaud risasi ya kifundo cha mkono kwa bastola aliyoinunua asubuhi ileile. Novemba 2016 bastola hiyo iliuzwa na Christie's mjini Paris kwa euro 434,500, mara saba au zaidi ya makadirio. Rimbaud huyohuyo aliacha ushairi, akaja Pembe ya Afrika kufanya biashara. Mwaka 1886 aliondoka bandari ya Tadjoura na msafara wa ngamia uliobeba bunduki karibu 2,000 kwa ajili ya Menelik, mfalme wa Shewa katika Ethiopia ya leo. Zilikuwa bunduki za fataki ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha, na Ulaya zilipatikana kwa bei ya kutupa. Alifika mwaka 1887. Menelik akakata bei, kisha akamdai Rimbaud madeni ya mshirika wake Labatut, aliyekuwa amekwisha kufa. Bastola moja iliyomjeruhi mzungu mmoja mkononi ina bei, ina picha kwenye katalogi. Bunduki karibu elfu mbili zilizoingia kwenye vita vya watu wengine zimepotea bila hata moja kuitwa kwa jina. Soko hili hupima hivyo, na ninaona kipimo chake kimepinda.

Ukikosa muuaji au mshairi, tafuta mwindaji mashuhuri wa Afrika Mashariki. Hapa ndipo nchi zetu zinapopandisha bei bila kulipwa senti. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani kama rais wa Marekani, na akawinda karibu mwaka mzima. Bunduki ya marisau aina ya Fox aliyokuja nayo iliuzwa Marekani mwaka 2010 kwa dola 862,500. Mwaka uliofuata ikauzwa ya mwandishi Ernest Hemingway: mitutu miwili, risasi nene ya karibu milimita 15, ya kumwangushia ndovu, kazi ya Westley Richards wa Birmingham. Ilitengenezwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na yeye aliichukua katika safari yake ya Kenya ya 1953 na 1954. Ilikwenda kwa karibu dola 340,000. Mafundi wa mji huu waliinyoosha mitutu, wakaichonga mbao, wakaifunga vyuma kwa tupa na subira ya miezi. Bado kilichozidisha bei ni jina la aliyeitumia.

Jina peke yake halitoshi, linataka karatasi. Viwanda vya zamani vya Uingereza viliandika kila bunduki katika daftari: namba yake, tarehe, aliyeagiza, na vipimo alivyotaka. Daftari likisema namba fulani ilipelekwa kwa fulani, na wewe una barua, picha na risiti zinazofuatana kutoka kwake hadi kwako bila pengo, umeshinda nusu ya mnada. Pengo la miaka thelathini lisiloelezwa huua bei haraka kuliko kutu. Hadithi ya babu isiyo na karatasi itasikilizwa kwa heshima, kisha haitaandikwa kwenye katalogi.

Na usiisugue! Narudia hili kwa wenzangu tuliolelewa kuheshimu kitu kwa kukisafisha. Rangi ya awali ya chuma, mikwaruzo ya mkono wa kwanza, weusi wa mafuta ya miaka mia, hivyo ndivyo mnunuzi anavyotafuta kwa lenzi. Ukipiga msasa mpaka ing'ae, umeondoa pesa kwa mkono wako. Iache pamoja na kasha lake, kibuyu cha baruti, kalibu ya kumiminia risasi, hata ufunguo uliopinda. Mwaka 2018 bastola aina ya Colt Walker, ambayo ilitengenezwa mwaka 1847 kwa idadi ya takriban 1,100 tu, iliuzwa kwa dola milioni 1.84, na kasha lake la asili lilichangia sana.

Kisha isome sheria, maana nayo hupanga bei. Uingereza bunduki ikihesabiwa kuwa ya kale, na risasi zake hazitengenezwi tena, unaweza kuimiliki bila leseni kama pambo. Hivyo bastola mbili za umri mmoja, zinazotofautiana kwa kipenyo cha risasi tu, huweza kuwa na bei mbalimbali kabisa: moja wanaigombea watu wengi, nyingine inataka kibali. Kanuni za Machi 2021 ziliweka sharti kwamba bunduki ya kale iwe imetengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939, na kuondoa aina saba za risasi kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Sababu yake inauhusu mji huu hasa. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 30 mfanyabiashara aliyekuwa akiuza bastola za kale pamoja na risasi alizozitengeneza nyumbani. Silaha na risasi zake zilihusishwa na zaidi ya matukio mia moja ya uhalifu. Bastola ya makumbusho ilirudi barabarani ikaua watu. Mkusanyaji anayelalamika kuhusu kanuni hizo na aanze kwa kuwafikiria hao.

Siku ya mnada yenyewe haina mengi. Weka makadirio ya chini ili watu waje, na omba Mungu wafike wawili wanaoitaka kwa moyo mmoja, kwa sababu tajiri mmoja peke yake hapandishi chochote. Bei zinazotangazwa magazetini kwa kawaida zimejumlishwa ada ambayo mnunuzi huilipa nyumba ya mnada.

Sasa nenda Five Ways, Edgbaston inapoanzia, usimame mbele ya sanamu ya Joseph Sturge. Ilizinduliwa 1862. Sturge alikuwa Quaker, mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalokataa vita, aliishi Edgbaston, na aliutumia umri wake kupinga utumwa na vita. Kabla yake, Quaker mwenzake Samuel Galton alitengeneza bunduki Birmingham, na bunduki za familia yake zilipanda merikebu za biashara ya watumwa. Mwaka 1796 Waquaker wenyewe wakamtenga kwa sababu ya silaha hizo. Bunduki za namna hiyo, gumegume na magobore yaliyouzwa Afrika kwa maelfu, ndizo hupatikana kwa bei nafuu mnadani leo. Hazina jina la mtu, maana waliozibeba na waliopigwa nazo hawakuandikwa.

Si kwamba majina hayakuwepo. Katika safari ile ya 1909 Kermit, mwana wa Roosevelt, alibebewa bunduki na Juma Yohari, mtu wa pwani, na Kassitura, mtu kutoka Uganda. Tunawajua kwa sababu Roosevelt aliwataja kitabuni. Walikaa hatua moja nyuma ya bunduki hizo, mbele ya simba na faru, na majina yao hayajaongeza dola hata moja katika bei yoyote niliyoitaja hapa.

Kwa hiyo ninakuomba, msomaji. Kama kwenu Tabora, Songea, Lamu au Bujumbura kuna gobore la mzee, lisajili kwanza kama sheria ya nchi inavyotaka. Kisha keti na wakubwa wangali hai, uandike: nani aliyelibeba, alilipata kwa nani, alikwenda nalo vita gani, nani aliumia. Tia tarehe, tia saini, piga picha. Nawe unayefanya kazi katika nyumba za mnada, ukiandika safari ya bunduki Afrika, mwandike na mbeba bunduki.