Nyuzi Tatu za Kwenda Kariakoo

Sisi watu wa Misigiri tunakaa njia panda, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na ile kuu iendayo Nzega na Mwanza, na kwa sababu hiyo tumejaliwa, au pengine tumepatilizwa, kuyaona mabasi ya Dar es Salaam yakipita mchana na usiku, hata mtoto wa kwetu ambaye hajapata kufika Singida mjini atakuambia kwa yakini basi lipi hukawia na lipi dereva wake ana pupa. Kuyaona mabasi si kusafiri, lakini kumetutia ghururi ya kudhani kwamba Dar es Salaam ni jirani. Na ghururi hiyo ndiyo iliyonifanya mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, niseme mbele ya mashahidi, mwezi wa Juni 2019, kwamba nakwenda Kariakoo kununua vitu vya harusi ya binti yetu, na kwamba mwenye haja aagize.

Laiti ningalijua uzito wa neno hilo, ningalilimeza. Mke wangu alitaka pazia la dirisha la sebuleni. Shemeji yangu, mtu ambaye Mwenyezi Mungu amemjalia tumbo lenye haiba, alitaka mkanda wa ngozi usiokatika. Na baba mkwe alitaka kofia ya kiua, iliyoshonwa kwa mkono, asije akakaa mbele ya wakwe kichwa wazi. Hapana hata mmoja aliyejua kipimo chake kwa tarakimu. Mke wangu, ambaye ameishi na hesabu nyumba moja miaka mingi bila kuambukizwa, alitwaa uzi wa katani, akapima kichwa cha baba yake, akakata; akapima kiuno cha kaka yake, akakata; na alipofika dirishani uzi ulikuwa umepungua, basi akapima nusu ya upana, toka pembeni hadi katikati, akaniambia, "Huu, Mwalimu, uzidishe mara mbili." Nikajibu "Naam," kama waume tujibuvyo, sikio likiwa kwenye taarifa ya habari. Sikutambua kwamba, kwa kudra zake Mola, nusu ya dirisha letu na kiuno cha shemeji ni sawasawa, kwa tofauti isiyozidi upana wa kidole.

Fedha nazo alizishonea mfuko wa siri ndani ya bukta yangu, upande wa paja, kwa hoja kwamba vibaka wa Dar es Salaam wana vidole vya upepo.

Safari yenyewe, ya zaidi ya kilomita 700, sina haja ya kuisimulia, ila nitataja kwamba tulipita Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu ya nchi tangu mwaka 1973 na kuthibitishwa kwa sheria mwaka 2018, wala hapana abiria aliyesema ashuke hapo akanunue japo kitana. Serikali yaweza kuhamisha wizara zake zote na mafaili yake; Kariakoo ingali pale pale ilipo.

Na jina lenyewe la Kariakoo lilipasa kunitahadharisha. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, walikuwa na jeshi la wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao, ambalo kambi yake iliwekwa pale, nazo ndimi zetu zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Mwaka huo huo Wajerumani, waliokuwa wamebanwa Tabora bila njia ya baharini, waliishiwa sarafu, wakapiga za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, kwetu Iramba. Kwa hiyo kazi ziligawanywa zamani: sisi tutoe mali, Kariakoo itoe wapagazi. Mimi nilipokwenda nilitoa vyote viwili.

Nilishuka Ubungo alfajiri, nikapanda mwendokasi, nikatemwa kituo cha Msimbazi nikiwa nimekunjika kama barua. Nilidhani Kariakoo ni soko, yaani lile jengo lenye paa la miavuli ya zege, alilolisanifu Beda Amuli na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975, ambalo wakati huo lilikuwa halijafikwa na moto wa Julai 2021. Basi nikaingia humo kwa heshima zote, nikamwuliza muuza nazi mapazia yako upande gani. Alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "hapa ni vyakula. Kariakoo ni mitaa."

Na kweli ni mitaa. Kanga na vitenge utavifuata Uhuru, simu Aggrey, vyuma na vipuri Gerezani, na nguo za kuvaa zimemwagwa Mtaa wa Kongo hata barabara yenyewe haionekani. Na aulizaye kitu katika mtaa usio wake hutazamwa kama aliyeulizia samaki msikitini. Nilipokuwa nimesimama njia panda (nami njia panda nilidhani nazijua) akanitokea kijana mmoja nadhifu, mwenye adabu kuliko wanafunzi wangu wote, akanipokea begi kabla sijamjibu salamu. Zamani tungalimwita dalali. Siku hizi huitwa winga, na kazi yake ni kuuza bidhaa za wenye maduka ilhali yeye duka hana, akiongeza juu ya bei kijisehemu chake. Sioni haramu ndani yake, maana mjuzi wa mitaa anauza ujuzi wake kama nilivyouza mimi wangu wa jedwali. Ila huyu wa kwangu alinipandisha ngazi za maghorofa matatu na kunishusha, akinong'ona katika kila fremu, "Anko, hapa ndiyo bei ya kiwandani," na duka tulilonunua hatimaye lilikuwa mkabala na pale aliponipokea begi.

Mwenye duka hilo la mapazia, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alianza kwa elfu kumi na mbili kwa mita, tukapatana elfu kumi. Ndipo nilipokumbuka fedha ziko wapi.

Niliangaza macho nikitafuta chumba cha kujaribia nguo, nisikione, kwa sababu iliyo wazi kwamba hapana ajaribuye pazia mwilini. Nikaomba radhi, nikajipenyeza nyuma ya mapazia marefu ya zambarau yaliyotundikwa kuwa mfano, nikafungua suruali gizani, nikaanza kuzifumua nyuzi za mke wangu kwa meno ya ufunguo, nazo alikuwa amezishona kwa imani kubwa, na huko nje nikamsikia mama yule akimwuliza winga, kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuuguza, "Huyu mzee wako ana nini?" Kuzifumua kulitaka niinue mguu, na mguu mmoja ulitaka mahali pa kushika, na mahali pa karibu palikuwa pazia. Fimbo ya mapazia yale haikutengenezwa kubeba mwalimu. Ilishuka na mapazia yote, nami nikabaki nimesimama katikati ya duka mchana kweupe, suruali magotini, noti mkononi, mbele ya wateja watatu na kuli mmoja aliyeusimamisha mkokoteni wake nje ili asikose mwisho wa habari.

Aliyefikwa na hali ile hapimi kwa taratibu. Nilitia mkono mfukoni, nikachomoa uzi wa kwanza uliogusa vidole, nikasema, "Kata kama huu," akakata, nikalipa bila kudai chenji. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 ya mwezi ule ule, pazia likazungushiwa gazeti, na gazeti likafungwa kwa uzi ule ule uliolipima.

Tulipofika kwa muuza mikanda jasho lilikuwa limekauka na akili imenirudia, nayo ikanirudia pamoja na kauli ya mke wangu, kwamba uzi mmojawapo huzidishwa mara mbili. Nikaitumia kanuni niliyowafundisha watoto wa watu miaka 30, ya kuondoa kisichowezekana: uzi wa kichwa naujua kwa ufupi wake, uzi wa pazia sikuuzidisha, basi, bila ya shaka yoyote, wa kuzidishwa ndio huu uliosalia. Hoja ile haikuwa na dosari hata moja, isipokuwa kwamba haikuwa kweli.

Muuzaji aliupima uzi kwa utepe, akazidisha kama nilivyomwamuru, akapata mita mbili na sentimita 30. Akanyamaza kidogo.

"Anko, huyu mtu yu hai?"

"Yu hai," nikamjibu, "na anakula vizuri."

Nami, nikilikumbuka tumbo la shemeji linavyosogea mezani kabla yake mwenyewe, sikuona muhali. Mkanda wa kadiri ile haujatengenezwa, lakini Kariakoo neno "hakuna" ni adimu kuliko dhahabu ya Sekenke: winga alitwaa mikanda miwili, akampelekea fundi viatu aliyeketi kando ya mfereji, ikaungwa kwa uzi wa nailoni ikawa mmoja. Nililipa bei ya mikanda miwili, na ya fundi, na kijisehemu cha winga juu ya vyote.

Kofia tu niliinunua bila uzi. Karibu na Msikiti wa Mtoro mzee mmoja aliniambia niijaribu kichwani mwangu, ikanikaa. Na kwa kuwa mimi na baba mkwe tumetofautiana katika kila jambo isipokuwa ukubwa wa kichwa, nikailipia hapo hapo, yeye hakupandisha wala mimi sikushusha.

Winga aliponiaga, nilimwuliza kuli ujira wa kunichukulia mzigo mpaka kituoni, na aliponitajia nikajitwika mwenyewe. Hatua chache mbele, nikiwa na furushi kichwani na mkanda shingoni kwa kuwa begini haukuenea, nikajisikia napaza sauti, "Pisha mzigo! Pisha mzigo!" kwa lafudhi ambayo sikuzaliwa nayo, na watu wakanipisha. Wale wapagazi wa mwaka 1916 angalau walilazwa kambini.

Misigiri nilipokelewa kwa vigelegele, ambavyo vilikatika pazia lilipotundikwa. Lilifunika nusu ya dirisha, kwa usahihi wa kupendeza, toka pembeni hadi katikati. Mke wangu hakusema neno. Aliuokota uzi uliofungia gazeti, akamzungusha kaka yake kiunoni, ncha mbili zikakutana; kisha akanitazama, nami nikatoka kwenda kuangalia kuku. Siku ya harusi shemeji aliuvaa mkanda wake kwa kujizungushia mara mbili, na wageni waliotoka Singida mjini wakauliza kwa adabu kama huo ndio mtindo mpya wa Dar es Salaam. Nikawaambia ndio.

Ukiniuliza leo mahali pa kununua bidhaa za Kariakoo, nitakujibu bila kusita: hapa hapa njia panda, dukani kwa kijana mmoja aendaye kuchukua mzigo mwenyewe kila mwezi. Huongeza elfu mbili juu ya bei ya huko, nami humlipa kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa nimekwisha kupiga hesabu ya nauli, winga na fimbo ya mapazia. Nusu ya pili ya pazia ameniletea, ingawa rangi yake haikufanana na ile ya kwanza. Mkanda ninao mimi. Hufungia magunia ya alizeti kwenye baiskeli, na mpaka leo haujakatika.