Namna ya Kutalii Marangu Bila Kuonekana Mgeni

Umeamua kwenda Marangu. Hongera. Kijiji kimekaa kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, maji yanashuka kila upande, migomba imefunika kila kitu, na wenyeji wamezoea wageni tangu enzi za Mangi Marealle, aliyempokea Hans Meyer mwaka 1889 akielekea kilele cha Kibo. Yaani aina zote za mgeni wameshaziona, na wewe umo. Fuata maelekezo haya kwa utaratibu. Hayatakuokoa, ila utakapoharibu utajua umeharibu wapi.

Kwanza, usafiri. Panda Noah mjini Moshi, ushuke Marangu Mtoni. Abiria usiwahesabu. Ukishashuka, muulize yeyote maporomoko yako umbali gani. Atakujibu, "Hapo tu." Hicho ni kipimo halali: kinaanzia dakika tano, kinaishia saa moja na nusu, na hakihusiani na mlima kupanda wala kushuka. Funga kamba za viatu vyako vya bei mbaya, uanze kupanda. Punde utafikiwa na bibi mwenye kandambili, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anazungumza na mwenzake bila kuhema. Mwahi kwa shikamoo kabla hajakupita. Akishapita, hutampata tena.

Pili, maswali. Utaulizwa, "Wewe ni wa wapi?" Usijibu Dar es Salaam. Hapa Dar si kwao mtu. Ni mahali anapofanyia kazi. Mzee anatafuta ukoo: kina Lyimo, kina Mtui, kina Mlay. Akiupata, atajua shamba lenu lilipo, babu yako aligombana na nani kuhusu mpaka, na kama ugomvi umekwisha. Kama si Mchaga, sema mapema. Utaletewa kiti na utaonewa huruma. Kama ni Mchaga wa kuzaliwa mjini, kile Kichaga ulichofundishwa na shangazi wa Machame kiache mfukoni. Sema "aika", yaani asante, kwa kila unachopewa, unyamaze. Hata hiyo "aika" moja watu watacheka.

Tatu, mlima wenyewe. Una mita 5,895, na inawezekana ukakaa siku nzima chini yake usiuone. Kibo hutoka alfajiri na kujifunika mapema, na wenyeji husema "leo haujatoka" kama wanaomsema jirani mvivu. Usibishane na wingu. Nenda geti la hifadhi usome bamba la kumbukumbu ya Meyer, aliyefika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Kisha jiulize chakula na mahema vilipanda vyenyewe? Yohani Kinyala Lauwo, wa hapahapa Marangu, anatajwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Kutambuliwa kwake kulisubiri maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989. Swali hili liulize kwa upole. Wapagazi wa leo wako hapo getini, wanasikia.

Sasa maporomoko. Anza na Kinukamori, lipa kiingilio, shuka ngazi. Utasimuliwa habari za Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujirusha hapa, akaghairi, akageuka nyuma na kukutana na chui, akaanguka. Sanamu ya binti ipo, ya chui ipo. Mwisho utaulizwa kama una swali. Usiulize kijana aliyempa mimba alikwenda wapi. Hadithi haina habari naye, na hakuna aliyemchongea sanamu.

Mapango nayo usiyakose. Wazee waliyachimba kujificha wakati wa vita, walipovamiwa na Wamaasai. Inama. Ukidhani umeinama vya kutosha, inama tena.

Hadi hapa umelipa viingilio na umepiga picha za kutosha. Tuje kwenye vitu ulivyovikanyaga ukielekea huko.

Ule mfereji mdogo ulioruka asubuhi, ukadhani ni wa maji machafu, ni mfongo. Watu waliutoa kwenye kijito huko juu, wakaupitisha kwenye kingo za mabonde bila pima maji wala mhandisi, mpaka maji yakafika shambani kwa mtu. Kila mfongo una wenyewe, na zamu ya maji ina siku yake na saa yake. Usinawie miguu humo. Hutaona mtu wa kukukataza, lakini jioni utasikia jina lako, au angalau rangi ya kofia yako, ikitajwa mahali usipopafahamu.

Na ile uliyoiita "msitu mzuri wa ndizi" ni kihamba, nyumbani kwa mtu. Juu kuna mringaringa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini yake magimbi, na kando ng'ombe anayeletewa chakula zizini na yule bibi wa kandambili. Samadi yake inarudi kwenye migomba. Babu amezikwa humohumo. Kwa hiyo usiingie kutafuta pa kupigia picha. Umepita sebuleni, ukakanyaga mboga, ukasimama juu ya marehemu.

Mpakani na makaburini utaona majani marefu ya kijani. Hayo ni masale. Usichume moja ukapambia kofia. Mchaga akija na jani la sale mkononi anaomba radhi, na kimila si vyema kumkatalia. Ukizunguka nalo kijijini, kila utakayepishana naye atajiuliza umemkosea nani. Wengine watakusamehe palepale, na hutajua ni kwa lipi.

Kahawa utaionja: utatwanga kwenye kinu, utakaanga, utasifiwa. Ndiyo iliyosomesha watu wa huku, kupitia ushirika wao wa KNCU ulioanzishwa mwaka 1933. Mwenyeji wako, mwenye miche hiyo, atakunywa chai. Usimuulize.

Mbege ndiyo mtihani. Imetoka kwenye ndizi mbivu na ulezi, ikatiwa uchungu wa magome ya msesewa, na inakuja kwenye kata. Anayekupa huonja kwanza, mwache. Pokea kwa mikono miwili, usipulize ulezi unaoelea, kunywa kweli, kisha mpe anayefuata. Usimalize, maana kata ni ya wote. Usiguse midomo tu, maana wote wanakutazama. Na nyama ikija, usinyooshe mkono: mbuzi hugawanywa kwa heshima, na kila kipande kina mwenyewe. Utapewa chako. Kitakuwa kidogo kuliko ulivyojikadiria.

Kivutio cha mwisho hakina kiingilio. Kila baada ya migomba michache utakuta jumba kubwa: bati la rangi, geti la chuma, vioo vyeusi, kufuli. Usigonge. Mwenyewe yuko Dar, Arusha au Marekani. Nyumba hufunguliwa Desemba, magari hujaa mpaka barabarani, mbuzi huchinjwa, watu hukumbatiana, na Januari kufuli hurudi. Miezi iliyobaki anayekaa hapo ni mama yake, naye analala nyumba ndogo ya uani kwa sababu vigae vya jumba vinateleza. Siku ya kuzibua mfongo, mtoto hutuma pesa kwa simu. Pesa hufika siku ileile. Wanaoingia kwenye tope ni wazee watatu na mlinzi.

Ukipita hapo, mwamkie huyo mama. Atakukaribisha mtori hata kama hamjuani. Kula. Ukiaga, atakufungia mkungu wa ndizi usioweza kuubeba, ubebe. Akikuuliza utarudi lini, jibu Desemba. Hatakuuliza Desemba ya mwaka gani.